Maghala Matatu, Jiwe Moja

Kitendawili changu leo ni kirefu, kwa hiyo msiwe wepesi wa kunipa mji. Mume mmoja ana wake watatu. Kila mke ana nyumba yake na ghala lake la mtama, lakini jiwe la kusagia pale uani ni moja tu. Siku wote watatu walipokuja kila mmoja na jiwe lake, nyumba ipi ililala njaa?

Aliyekitunga ni Lucia binti Malale, na alikitunga kwa wivu. Wivu nao ni kitendawili tosha: unaulisha kila siku, nao unamla anayeulisha.

Lucia alikuwa mtunza mashine kwenye ofisi ya mradi wa ramani, Mpanda mjini, pale Kashaulili nyuma kidogo ya soko. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, wakati kompyuta za mji mzima ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Ile ya mradi ilikuwa dubwana la bluu, lililoletwa kwa treni kutoka Kaliua likiwa limefungwa blanketi kama mgonjwa anayerudishwa kwao. Wataalamu walioileta walimkuta Lucia anapiga taipu, wakamfundisha, wakaondoka. Tangu hapo ufunguo wa chumba cha mashine ulikaa shingoni mwake kwenye uzi mweusi, na Lucia alipita sokoni kama mtu aliyevaa dhahabu.

Aliijua mashine ile kama mchungaji anavyojua ng'ombe wa kwao. Kwa mvumo wa feni tu alijua kwamba jenereta inataka kuzima. Watu waliotoka vijijini kuja kuuliza kama shamba lao limeangukia ndani ya mpaka wa msitu hawakuuliza ofisi, waliuliza, "Mama Mashine yupo?" Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Halafu akaja Bushra.

Bushra alikuwa binti wa mzee Seleman, yule muuza vitenge wa karibu na soko. Alikuwa ametoka Dar kusomea kompyuta, akarudi na cheti, miwani na kicheko chepesi kinachotoka bila kuombwa. Bwana Yunusi, mkuu wa mradi, alimwingiza ofisini asubuhi moja akasema, "Lucia, huyu ndiye mwenzako. Ana kazi mpya. Shirikianeni."

Bernadetha, mpika chai, mwanamke ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuutia komeo, akaropoka kutoka jikoni, "Haya mke mkubwa, bi mdogo kaingia! Sogea kitandani!"

Ofisi nzima ikacheka. Lucia naye akacheka, lakini maneno yale yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu kwao haukuwa utani. Baba yake, Malale, alishuka na ng'ombe kutoka Usukuma akaweka boma Kabungu, na mama yake Lucia, Mariana, alikuwa mke wa kwanza. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Lucia alikuwa mtoto, lakini mtoto ana macho. Aliona kigoda cha mama yake kilichokuwa mbele ya moto kinasogea pembeni, kidogo kidogo, bila mtu kusema neno, mpaka siku moja kikawa karibu na mlango. Tangu siku hiyo aliapa moyoni kwamba yeye kigoda chake hakisogezwi na mtu.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi yenyewe, si ngumu. Programu ndani ya kompyuta haifanyi kila kitu peke yake. Ikitaka kuchora mstari, ikitaka kufungua picha, inakwenda kuchota kwenye maktaba. Si maktaba ya vitabu, ni ghala la kazi zilizokwisha andaliwa, programu yoyote ije ichukue. Lakini kuchota kuna adabu yake. Kuna nyumba unapokea kwa mikono miwili umepiga goti, na kuna nyumba unapokea kwa mkono wa kuume umesimama. Prosesa ya dubwana lile, yaani ubongo wake, ilijua adabu tatu: ya zamani, ya kati na mpya. Programu iliyolelewa kwa adabu ya zamani ukiipeleka kwenye ghala la adabu mpya, huyu ananyoosha mikono miwili, yule anarusha kwa mmoja, kibuyu kinaanguka na mashine inanyamaza.

Kwa hiyo kila maktaba ilitakiwa kutengenezwa mara tatu, kwa jina lilelile, ifungwe vifurushi vitatu, na kila kifurushi kiende ghalani kwake. Hiyo ndiyo kazi ya Bushra. Programu ya ramani aliyokuwa anaiendesha Lucia ilikuwa ya adabu ya zamani. Ile mpya, ya kusoma picha zilizopigwa kutoka angani, ilitaka adabu mpya. Zote mbili zilitakiwa kuishi boma moja bila kugombana.

"Dada Lucia, sijui nikueleze vipi," Bushra alianza siku ile ya kwanza.

"Usihangaike, mdogo wangu. Kwetu mzee ana wake watatu. Hakuna anayetia mkono kwenye ghala la mwenzie."

Bushra akapiga makofi. "Alaa! Basi umeelewa kuliko darasa letu zima!"

Alisema kwa moyo mweupe. Lakini Lucia alisikia anasifiwa kama mtoto aliyejifunga vifungo mwenyewe, akageukia mashine yake.

Na hapo wivu ukapata mahali pa kulala. Aliona Bernadetha anampa Bushra kile kikombe kisicho na ufa. Aliona Bwana Yunusi, ambaye kwake alikuwa akisimama mlangoni tu, sasa anavuta kiti na kukaa. Siku moja mzee mmoja alichungulia akauliza, "Yule wa miwani yupo?" Lucia akamjibu kwamba hayupo, na Bushra alikuwa nyuma ya pazia pale, anatafuta waya.

Jumapili alipanda baiskeli hadi Kabungu kumlilia mama yake. "Mayu, nimeletewa mke mwenza kazini." Mama Mariana alikuwa anapepeta mahindi, akamwambia, "Mwanangu, kula kwanza."

Kisha Bwana Yunusi akaita kikao. "Nyie wote mnajua wafadhili wanapunguza mkono. Wazee wa Kabungu wanakuja kuonyeshwa ramani zao, za zamani na za picha mpya. Wakishaondoka, chumba cha mashine kitabaki na mtu mmoja. Mwingine atarudi masjala kwenye taipureta. Ufunguo nitampa atakayeonyesha kazi safi mbele ya wageni."

Lucia aliushika ufunguo shingoni. Ulikuwa wa moto, kwa jasho lake mwenyewe.

Alikuwa amesimama nyuma ya Bushra alipoliona lile kosa. Bushra alikuwa anafunga vifurushi, vitu vinapita kwenye kioo, hiki kinaingia, kile kinaingia. Ndani ya kila kifurushi, pamoja na maktaba, kulikuwa na faili la mipangilio. Faili hilo halikai ghalani. Linakaa uani, mahali pa wote, na kila programu hupita hapo kwanza kuuliza ramani ziko wapi na ichote ghala gani. Vifurushi vitatu, na kila kimoja kimebeba faili lake, jina moja, linakwenda mahali pamoja. Kitakachofunguliwa mwisho kitafuta maneno ya vilivyotangulia.

Lucia alilijua faili lile kama mtu anavyolijua kovu lake. Zamani aliwahi kuliharibu, na mashine ilinuna mpaka mtaalamu akaletwa kwa treni. Bushra hakuwa na kovu hilo. Kompyuta za chuoni kwake zilikuwa na adabu moja tu, nyumba ya mke mmoja, na kwenye nyumba ya mke mmoja nani anauliza jiwe ni la nani?

Alifungua mdomo amwambie. Wallahi alikuwa anamwambia. Ndipo Bwana Yunusi akaingiza kichwa mlangoni. "Bushra, wewe mtoto wa ajabu! Tungekupata mapema tungekuwa mbali sana!"

Lucia akafunga mdomo. Bushra alipotoka, akanakili faili lake la zamani kwenye diski, diski akaitia mkobani, chini ya kanga.

Mchana ule jenereta ilizimwa ipumzike, wakakaa barazani na chai. Bushra alikuwa mpenzi wa vitendawili, amelelewa na bibi yake Mwanaiddi, na Lucia naye hakuwa haba. Wakategana. Bushra akategua viwili, Lucia akategua vyake.

"Kitendawili," akasema Lucia.

"Tega."

"Wake watatu, maghala matatu, jiwe moja. Kila mke kaja na jiwe lake. Nani atalala njaa?"

Bushra akafikiri mpaka chai ikapoa. Akasema mke mdogo. Akasema mume. Akasema ni mafiga, ni meno, ni treni. Bernadetha akasema ni wanawake wa Kashaulili. Si hivyo vyote.

"Nimeshindwa, dada. Nakupa mji. Chukua Tabora."

"Tabora nimeipokea," akasema Lucia. "Nimekwenda Tabora, nimeshukia stesheni, nimelakiwa na watu na ngoma, nimekula maembe, nimelamba asali mpaka viwiko vinanata..."

Mnajua desturi. Mwenye kitendawili akishapewa mji, akautembea, akajisifu, lazima alipe jibu. Mji haumezwi bure. Lakini pale pale jenereta ikaunguruma, na Lucia akasimama akikung'uta kanga.

"Na jibu?" Bushra akauliza.

"Litakuja lenyewe."

Bernadetha akabaki na birika hewani. "We Lucia! Mji umekula na jibu umeficha? Kwetu huo ni wizi!"

Lucia aliingia ndani akijiambia, nimemwonya. Aliyetegewa akashindwa, mimi nina kosa gani? Moyo ukamjibu, lakini moyo hauna sauti kubwa kama jenereta.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Bushra ataanza kufungua kifurushi cha adabu mpya, maana nani asiyejipakulia kwanza? Cha zamani kitafuata mwisho. Cha mwisho ndicho kinachosimama. Basi ramani za Lucia zitafunguka, na za Bushra zitaanguka mbele ya wageni.

Asubuhi ya wageni, Bushra alikaa mbele ya mashine na vifurushi vyake, amevaa ushungi mpya. Akainua macho akatabasamu. "Dada, kwa heshima yako. Nyumba kubwa kwanza."

Akakiita kifurushi cha adabu ya zamani.

Lucia akanyoosha mkono. "Hapana, we anza na..."

"Nianze na nini?"

Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipokuwa wazi. Angesema neno moja. Lakini akilisema ataulizwa umejuaje, tangu lini, na mbona ulinyamaza. "Anza tu," akasema.

Cha zamani kikaingia, cha kati kikafuata, na kipya kikaja mwisho, kikakaa juu ya wote.

Gari la mradi likaleta watu wa Kabungu, wazee na wanawake wachache waliochaguliwa na kijiji. Na kati ya wanawake wale, amejifunga kitenge chake cha kanisani, alikuwa Mama Mariana. Lucia hakuwa ameambiwa. Mama akasimama nyuma ya kiti cha binti yake, akamwekea mkono begani, ili watu wote waone huyu ni wa nani.

Lucia akaita ramani ya Kabungu. Kioo kikawa cheupe, kikatetemeka, kikarudi cheusi. Akaita tena. Cheupe, cheusi.

"Vipi, Mama Mashine," akasema Bwana Yunusi, "mashine imekutaliki leo?"

Wazee wakacheka. Mkono wa mama ukawa mzito begani.

Bushra akaita ya kwake, na vilima vikajaa kwenye kioo kwa rangi, kijani cha msitu na mto unaong'aa. Wageni wakapiga kelele. "Ule pale mto wetu!" Bwana Yunusi alikuwa anatazama ufunguo kwenye shingo ya Lucia, na Lucia aliliona hilo jicho.

Akavuta mkoba. Akatoa diski chini ya kanga, akaitia mashineni, akalirudisha faili lake uani. Akaita ramani, na mistari ya Kabungu ikasimama, boma kwa boma, njia ya ng'ombe mpaka kisimani. Mama Mariana akapiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni.

"Naona mzoefu ni mzoefu," akasema Bwana Yunusi. "Bushra, warudishie wazee ile ya picha wailinganishe."

Bushra akaita. Cheupe. Cheusi.

Akajaribu tena. Vilima vilikuwa vimekufa. Bwana Yunusi akakuna kidevu, akawageukia wageni. "Basi ufunguo haujatafuta shingo nyingine. Ubaki hapo ulipo."

Lucia alikuwa ameshinda. Utamu ulimshuka kifuani kama asali ya Tabora. Alimtazama Bushra aone machozi.

Bushra hakuwa analia. Alikuwa anaitazama ile diski, na midomo yake inacheza kama mtu anayesali. "Maghala matatu," akanong'ona. "Jiwe moja. Kila mke kaja na jiwe lake." Akavua miwani. "Dada Lucia. Mimi nilikupa mji."

Hakupaza sauti, lakini chumba kizima kilisikia. Bwana Yunusi peke yake ndiye aliyeshangaa. Watu wa Kabungu neno hilo walilielewa kuliko kompyuta.

"Alikupa mji gani?" Mama Mariana akauliza.

"Tabora," akajibu Bernadetha kutoka mlangoni. "Na aliutembea! Nilikuwepo!"

"Na jibu ulilipa?"

Lucia akainama.

"Lucia. Ulikula mji wa mtu?"

Kuna aibu za ofisini, mtu anaweza kuzieleza zikapungua. Hii haikuwa na maelezo. Lucia akauvua uzi mweusi shingoni, akauweka juu ya meza, maana aliona hawezi kusema akiwa ameuvaa.

"Jibu ni hii mashine," akasema. "Jiwe ni faili la uani, na analala njaa kila ambaye jiwe lake halikuwekwa mwisho. Nililiona kwenye vifurushi vyako tangu siku unavifunga, Bushra. Nikanyamaza. Nilitaka uanguke."

Feni ikavuma. Mzee mmoja akakohoa.

"Na mimi nilianza na nyumba kubwa," Bushra akasema polepole, "nikakuangusha wewe." Ghafla kile kicheko chake kikamtoka, kidogo, cha uchungu. Akavaa miwani. "Sogea. Nipishe nusu kiti."

Wakakaa kiti kimoja, paja kwa paja. Bushra ndiye aliyepata njia. Kila jiwe lirudi ndani kwa mwenyewe, na pale uani liwekwe jiwe dogo lisilosaga chochote, linalouliza tu: umetoka nyumba gani? Ukijibu, linakuelekeza. Lucia ndiye aliyejua maneno gani ya zamani lazima yabaki, nukta kwa nukta. Walibishana, wakafutiana, Lucia akampiga kofi mkononi, "Siyo hapo, mtoto wewe!" Mwishowe ramani mbili zikasimama kwenye kioo kimoja, ya mistari na ya rangi, Kabungu na Kabungu.

Wageni wakapiga makofi. Bwana Yunusi akauchukua ule uzi mezani, akaushika kitambo. Kisha akampa Bushra.

"Lucia, masjala wanamhitaji mtu," akasema. Basi.

Gari lilipokuwa linawashwa, Mama Mariana alimvuta binti yake pembeni. "Yule ndiye mke mwenza uliyenililia? Mbona katoto!"

"Mayu, na wewe walikufanyia hivihivi. Nilikiona kigoda chako kinasogea."

Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi ameongea. "Kigoda? Nilikisogeza mwenyewe. Moshi ulikuwa unaniua macho." Akapanda gari, akachungulia dirishani. "Miaka yote hiyo ulikuwa unanililia kwa ajili ya moshi?"

Nisiwadanganye kwamba wivu ulikwisha. Lucia alirudi kwenye taipureta, na kila alipoona ule uzi mweusi kwenye shingo ya mwenzie, juu ya ushungi, kitu kilimchoma palepale pa zamani. Alipiga herufi kwa nguvu mpaka karatasi zikatoboka. Watu walipokuja kumuulizia Mama Mashine, Bernadetha aliwaelekeza kwa Bushra, na Lucia alisikia.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bushra alikuja kusimama kwenye dirisha la masjala na vikombe viwili. Kile kisicho na ufa akakiweka upande wa Lucia.

"Dada, nyumba kubwa imegoma. Nimehangaika tangu asubuhi. Njoo."

Lucia aliendelea kupiga taipu mpaka mstari ukafika mwisho. Kengele ikalia. Akaanza mwingine.

"Nakuomba," akasema Bushra. "Na kwanza nirudishie Tabora yangu. Jibu ulilipa kwa kuchelewa, mji hauwi wako."

Lucia akainua kikombe, akakizungusha kutafuta ufa, hakuuona. Akanywa.

"Tabora yako chukua," akasema. "Ila Kaliua nabaki nayo."

"Sasa dada, mtu wa Mpanda nitafikaje Tabora bila kupita Kaliua?"

"Ndiyo hivyo," akasema Lucia, akisimama na kujifunga kanga. "Kila ukipita, utanisalimia."